Kuku Mgeni na Kamba Yake

Mama mmoja fundi cherehani hupima kila kitu mara mbili, hata wageni wa bandani. Mwaka jana alifanya haraka, na tetea aliyemnunua akadonolewa mpaka akafa. Safari hii wapya wawili aliwatenga mwezi mzima wasije wakaleta ugonjwa, kila asubuhi akiwakagua macho na kinyesi, pini zikiwa bado mdomoni mwake. Kisha akawaweka wiki nzima nyuma ya wavu, wazoeane na wenyeji watano kwa macho.

Siku ya kuondoa wavu akawafunga wapya utepe mwekundu. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," akamwambia mke wa mwanawe, aliyehamia hapo juzi tu.

Kuku mkongwe wa wale wenyeji akauona utepe, akadhani ni mnyoo. Akadonoa, na wenzake wakamfuata.

"Mama, watawamaliza!" mkwewe akapiga kelele.

Fundi akatema pini, akarudisha wavu. Mkwewe alidhani ataukata utepe. Lakini fundi akaenda kuleta vipande vingine vitano, akawafunga wenyeji wote, ndipo akauondoa tena wavu. Kila kuku akashughulika na mguu wake mwenyewe.

"Basi," akasema, akimsogezea mkwewe kigoda. "Hapa hakuna mwenyeji."