Soli Ambayo Hakuigeuza

Kwaru, kwaru. Hivyo ndivyo ndala za mkewe zilivyolia sakafuni, na mpaka leo fundi viatu huyu huisikia sauti hiyo akiwa peke yake chumbani.

Aliwahi kuisikia utotoni. Mama yake aliburuta ndala hivyo hivyo majuma ya mwisho, kisha asubuhi moja akafunga mizigo, akawaacha yeye na baba. Tangu hapo akaamini kwamba mwanamke akianza kuburuta miguu, ameichoka nyumba.

Kazini hakuwa mtu wa kubahatisha. Mteja akivua kiatu, yeye hukigeuza kwanza akaisoma soli. "Mguu huu hauinuki vizuri, nenda ukaonwe mapema," alimwambia huyu, na yule, "Wewe shemeji, unatembea kama unafukuzwa." Watu walicheka, wakamwita Daktari wa Soli.

Lakini mkewe alipoanza kuburuta ndala, hakuzigeuza. Jibu alikuwa nalo tayari. Akawa anakula kimya, anampa mgongo kitandani, anajiandaa kuachwa. Mke alipouliza amekosa nini, alijibiwa kwamba anayetaka kwenda hazuiwi. Kama mke alikuwa na la kusema kuhusu mwili wake, alilimeza siku ile.

Alianguka jikoni, sufuria mkononi. Hospitalini wakasema ana uvimbe kichwani, umekua kwa muda mrefu, na upande mmoja wa mwili ulikuwa ukiishiwa nguvu polepole. Hakurudi nyumbani.

Baada ya mazishi, binti yao alikuja kibandani na zile ndala. Alitaka baba amtengenezee, awe anazivaa.

Fundi akazipokea, na mikono ikafanya ilivyozoea: ikazigeuza. Ya kulia ilikuwa nzima. Ya kushoto ilikuwa imelika mbele, pale kidole gumba kinapokwaruza chini mguu unapokataa kuinuka. Kwa mteja yeyote mwingine, angeliona hilo kabla hata hajashika gundi.

Binti akauliza kama zinatengenezeka. Baba alipitisha kidole pale palipolika, akarudi akapitisha tena, kisha akainama na kusema, kwa sauti ambayo binti aliisikia kwa shida:

"Mguu huu hauinuki vizuri, mama watoto. Nenda ukaonwe mapema."