Sanduku la Sederi

Mkahawa ninakofanya kazi, mtaani Remera, una chumba kidogo cha nyuma ambako wateja wachache huvuta siga, zile sigara nene zisizo na karatasi, jani juu ya jani. Mimi ni wa kupeleka kahawa. Lakini mwenye mkahawa, mzee aliyekulia Bujumbura, aliwahi kuniahidi: nikiweza kuwaonjesha wateja siga zenye ladha nzito na kuwaeleza tofauti zake, chumba kile kitakuwa changu. Sikutaka kitu kingine chochote maishani.

Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwenye simu, nikirudia video zilezile hadi nikazikariri. Humo nikasikia kwamba siga hutunzwa kwenye sanduku la mwerezi. Mwerezi niliujua kwenye Biblia tu, kule Tanzania nilikokulia. Nikateremka Gisozi kwa maseremala, nikaomba sanduku la mwerezi, nikiutaja kwa jina ambalo niliamini kila mtu analielewa: sederi.

"Sederi iko," fundi akasema. "Iko mingi, boss. Unaweka nini ndani?"

"Majani."

Akaacha kupiga randa. "Majani ya kuvuta?"

"Ya halali."

"Sawa. Mimi sijaona kitu."

Nilimrudishia kazi mara kadhaa kwa sababu ya mwanya wa kifuniko ambao yeye hakuuona kabisa. Lilipokamilika nililiweka karibu na kitanda. Kila siga ya mazoezi niliyopewa na mzee ililala humo. Jioni nilivuta kidogo nje ya mlango, moshi ukiishia mdomoni, nikitaja ladha kwa sauti: pilipili manga, kahawa chungu, ngozi, na chini kabisa utamu wa mwerezi. Mwerezi haukukosekana hata mara moja. Nilidhani ndiyo alama ya siga nzito.

Mzee akanikabidhi mbili za bei, moja ya Nikaragua na nyingine ya Hondurasi, nizitunze mpaka Jumamosi rafiki yake atakapokuja kuonja. Siku hiyo nilikata ncha, nikawasha, nikaanza kueleza.

"Ya Nikaragua inaanza na pilipili, halafu mwerezi unapanda."

Mgeni akavuta hiyo, akavuta ya Hondurasi, akarudi kwenye ya kwanza. "Mimi nasikia Noeli," akasema.

"Noeli?" mzee akauliza.

"Ua wa mama mkwe wangu, ukikatwa Desemba. Zote mbili."

Mzee akafungua sanduku, akaingiza pua. "Hii ni mbao gani?"

"Sederi, mzee."

"Kijana wangu, sederi ya hapa ni ule mti wa ua. Ule tunaopamba Noeli."

Walicheka mpaka mgeni akakohoa. Nami nikacheka, vibaya. Kicheko ningekivumilia. Lakini mzee, kwa huruma yake, akatoa kwenye droo yake siga ya tatu, ambayo haijawahi kuingia kwenye sanduku langu. "Onja hii sasa, utuambie."

Nikavuta, nikasubiri. Nikautafuta ule utamu wa chini, sikuupata. Moshi ulipita mdomoni kama unapita nyumba iliyohamwa.

"Hii ni nyepesi," nikasema. "Imepungukiwa."

Mzee akasema polepole kwamba hana siga nzito kuliko hiyo.

Hapo ndipo nilipoelewa. Muda wote ule sikuwa nimejifunza siga. Nilijifunza ubao, kwa bidii yangu yote, na ulimi haukubali kusahau. Wengine huanza upya kutoka mwanzo. Mimi nilianzia mahali ambapo hapana njia ya kurudi mwanzo.

"Tuletee kahawa basi," mzee akasema, bila ukali.

Nikaileta. Bado naileta.

Jirani yangu huku Kimironko ninakoishi ana ua wa sederi. Anapoukata mimi hufunga madirisha, lakini harufu hupenya chini ya mlango, nami napata pilipili manga, kahawa chungu, ngozi.