Kioo Nilichokipasha Moto

Aibu hii nilitaka kuificha, lakini laini nzima ya nyumba za vibarua hapa Molo inaicheka, kwa hivyo heri muisikie kutoka kwangu.

Mimi ndiye dresa mpya wa shamba, mtu wa dawa na bandeji, mwaka huu wa hamsini na sita. Juzi niliitwa kwa mzee Kiprono, mkamuaji wa ng'ombe, aliyeshikwa na homa. Nilimkuta kimya, mikono baridi kama mawe ya mtoni. Sikuona kifua kikipanda. Nikakumbuka somo: pumzi ya mtu aliye hai ina unyevu, hutia kioo ukungu. Lakini baridi ya asubuhi ilikuwa kali, nikamhurumia mgonjwa. Nikakipasha kioo changu kwenye jiko kwanza, kisha nikamwekea puani. Hakikuingia ukungu.

"Poleni, mzee ametuacha," nikasema.

Mkewe akapiga nduru. Nyapara wa shamba, aliyeingia na majirani, akanitazama. "Pima tena, daktari. Tukizika mtu hai, utajibu wewe."

Nikakipasha kioo tena, mara hii sana, nisije nikakosea. Watu wote wakainama kutazama. Nikakigusisha pua ya mzee.

Mzee akaruka, akaketi. "Wewe daktari, mbona unanichoma?"

Nyapara akaninyang'anya kioo, akangoja kipoe, akakishika mbele yangu na kukipulizia. Kikajaa ukungu hata uso wangu haukuonekana, na hiyo ndiyo heri pekee niliyoipata siku ile.