Tano ya Adabu

Kanuni ya kwanza tuliyopewa na mkubwa wetu wa utafiti ilikuwa kwamba Mjaluo ahojiwe na Mjaluo, na Mkikuyu ahojiwe na Mkikuyu, kwa sababu mtu aliyepitia ghasia hufunguka anapozungumza na mwenzake. Aliisema vizuri sana, katika ukumbi wenye feni, akiwa na chupa ya maji mbele yake. Sikubishana naye. Alikuwa ameshuka kwenye ndege ya Nairobi asubuhi hiyo, na mtu wa namna hiyo si wa kubishana naye kabla hajala samaki.

Kazi yenyewe niliipenda. Tulizunguka mtaa wa Obunga, Kisumu, na tableti mkononi, nyumba kwa nyumba, tukiwauliza walionusurika ghasia za baada ya uchaguzi wanaishije sasa na majirani zao. Majibu yao yangeiongoza kamati ya amani kuamua jinsi ya kuandaa vikao vya maridhiano: watu waketi pamoja, au kila jamii ikae kivyake. Kamati ilikuwa inaelekea huko kwa kila jamii kivyake. Nadhani hata kupanga viti huwa rahisi hivyo.

Mwenzangu katika kazi alikuwa kijana Mkikuyu aliyezaliwa Kondele, hapo hapo Kisumu, mtoto wa muuza viazi. Hivyo ndivyo karatasi za ofisi zilivyosema, kwamba ni Mkikuyu. Mezani alikuwa Mjaluo kunishinda mimi. Kichwa cha samaki mbuta alikimaliza mpaka macho, na Kijaluo chake kilikuwa safi kuliko cha wajomba zangu waliohamia Nairobi. Nilikuwa nikimtania kwamba wazazi wake walimwokota ufukweni, wakaona aibu kumrudisha.

Siku ya kwanza tu ile kanuni ilianza kunikera. Tulikuwa na swali moja lililosema: kwa kipimo cha moja hadi tano, unamwamini jirani yako wa jamii nyingine kiasi gani? Kila niliyemuuliza alisema tano. Waliitoa ile tano kama mtu anavyomwongezea mgeni chai, bila hata kufikiri. Mzee mmoja alinipa nne na nusu, nikafurahi kweli, nikamwuliza ni nini kilichoipunguza ile nusu. Akasema ni jogoo wa jirani.

Jioni mkubwa aliyatazama majibu, akasema Obunga imepona. Nikamwambia haijapona, ina adabu tu. Akavua miwani na kuniuliza kama hiyo adabu nayo inaweza kupimwa.

Aliyeivunja kanuni alikuwa mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Habari yake naieleza hapa kwa sababu baadaye aliisema mwenyewe mbele ya watu. Bila hivyo ningekwenda nayo kaburini, maana nilikuwa nimeapa. Siku vijana walipoivamia ploti yao, jirani yake, mwanamke fundi wa kushona, Mkikuyu, alikimbilia mlangoni kwake akabisha. Mama alikuwa ndani na watoto wake. Hakufungua. Fundi alinusurika, lakini mkono mmoja uliungua, na cherehani na duka vikaenda na moto. Alihama, akakaa kwao muda, kisha akarudi Kisumu na kuanza upya katika soko la Kibuye, si mbali na meza ya huyo mama. Tangu hapo walikuwa wakikutana kila Jumapili, habari za watoto, habari za mvua, na miaka yote hiyo mama hakuwahi kuuliza jambo moja lililomnyima raha: je, fundi alijua siku ile kwamba yeye yumo ndani?

Mimi sikuyajua hayo nilipoketi kwenye kochi lake na kuiwasha tableti. Niliona tu kwamba alinitazama sana, kisha akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtaja shangazi yangu, nikidhani namrahisishia mambo. Akakiweka kikombe chini.

"Nyathina, mtoto wangu, wewe ni wa hapa," akasema. "Hii maneno nikikuambia saa hii, jioni shangazi yako na watu wa maombi wako kwa mlango yangu na gitaa. Niletee yule mwenzako."

Nilimweleza kwamba mwenzangu ni Mkikuyu. Akanijibu kwamba anajua, ana macho, na ndiyo sababu anamtaka. Iliniuma. Hasira zangu ziko karibu, watu wa kwetu wanajua. Nilikuwa nimevaa beji, nimekula kiapo cha kutunza siri, halafu nawekwa kundi moja na shangazi! Kisha nikamfikiria shangazi mwenyewe, nikakumbuka ni nani aliyeitangaza posa yangu kanisani kabla mimi sijaisikia, nikainuka kimya kimya kwenda kumwita mwenzangu.

Alikaa humo ndani mpaka njugu zangu zikaisha nikaanza kuomba za watu. Alipotoka nilimtania, nikamwuliza kama ameshatafutiwa mke humo. Hakucheka. Tulitembea mpaka barabarani, na mimi nikaona si wakati wa kuchokoza. Mwishowe alisema kwamba asichoweza kuniambia hataniambia, lakini mimi na yeye tulipaswa kumwona mkubwa siku hiyo hiyo, kwa sababu zile tano zote tulizokusanya watu walikuwa wamewapa shangazi zetu, si sisi.

Mkubwa alikataa kwanza. Kanuni ilikuwa imepitishwa na wataalamu, na ilikuwa na sababu zake. Hapo nilipandisha sauti, jambo ambalo sikuajiriwa kulifanya. Nilimwambia mtu wa Obunga haogopi kwamba mgeni atamsema. Anaogopa shemeji, anaogopa kiongozi wa kwaya, anaogopa kusikia maneno yake mwenyewe yakimrudia kwenye foleni ya maji. Nampa haki yake mkubwa: alikuwa na maringo ya kisomo, lakini hakuwa na kichwa kigumu. Alifikiri, akanywa maji, akaamua kwamba kuanzia kesho yake kila mtu ataulizwa kwanza angependa ahojiwe na nani.

Wengi walitaka kubadilishiwa. Wengine walibaki na wa kwao, na hao nao tuliwaheshimu. Mwanamume mmoja alimtaka mkubwa mwenyewe, kwa kuwa alikuwa amesikia gari lake linapita Awasi, na alitaka lifti. Zile tano zikaanza kupukutika. Zikaja tatu, zikaja mbili, zikaja na maelezo marefu na machozi, na jioni mkubwa aliziangalia kama mwalimu ambaye darasa lake limeanguka mtihani. Mimi niliona kwa mara ya kwanza kwamba tunaambiwa kitu. Na katika swali la vikao, wengi walijibu kwamba wanataka kukaa pamoja. Mama wa omena, nilikuja kujua, alilirudia jibu hilo mara mbili ili mwenzangu asisahau kulibonyeza. Kamati ilikuwa imeshatafuta kumbi mbili, ikalazimika kuachia mmoja.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa kanisa, alasiri ya joto kali. Viti vilichanganywa makusudi, lakini watu walijigawa wenyewe. Wajaluo walikaa upande wa madirisha kwenye upepo. Wakikuyu walikaa karibu na mlango, na sababu ya kuchagua mlango haikuhitaji dodoso. Niliumia kuliona hilo, kwa sababu wote walikuwa wanacheka na kupeana maandazi juu ya ile nafasi ya katikati.

Mkubwa alianza kuonyesha michoro yake ukutani, miduara iliyokatwa kama chapati, kila kipande na rangi yake. Alipofika kwenye mchoro wa kuaminiana akaeleza kwamba rangi ya machungwa ni wale waliotoa mbili. Mama wa omena akasimama. Mkubwa alidhani anataka kwenda nje, akampisha kwa mkono. Mama hakwenda nje.

"Hapo kwa hiyo ya machungwa, mimi niko," alisema, akimtazama fundi aliyekaa karibu na mlango. "Lakini hiyo mbili si yako, Mama. Ni yangu. Siku ile ulibisha, ukaniita kwa jina ya mtoto yangu, na mimi nilikuwa ndani. Nilishika watoto mdomo. Nataka tu kujua. Ulijua niko?"

Feni hazikuwepo humo, na nilitamani ziwepo, angalau kuwe na sauti ya kitu. Mwenzangu alikuwa anaangalia viatu vyake. Mkubwa alibaki na kidole kwenye rangi ya machungwa.

Fundi hakusimama haraka. Aliinuka kwa kushikilia kiti cha mbele yake kwa mkono ulioungua.

"Nilijua," alisema. "Mtoto wako alikohoa. Na niliumia, sitasema sikuumia." Akamgeukia mama kabisa. "Tangu nirudi, kila Jumapili nakuja kwako nanunua omena. Kila Jumapili nasema, leo atasema. Mimi hata sikulangi omena."

Swali lililofuata lilimtoka mama kabla hajalifikiria, nadhani, kwa sababu ni mfanyabiashara.

"Sasa huwa inaenda wapi?"

"Kwa kuku."

Mtu mmoja upande wa mlango alicheka, akajaribu kukigeuza kicheko kiwe kikohozi, akashindwa, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama naye alicheka mpaka ikabidi akae, na alipokaa ndipo kilio kikamshika. Nililia pia, na sioni haya kusema hivyo. Fundi alivuka ile nafasi ya katikati, polepole, akaketi kwenye kiti kilichokuwa wazi pembeni yake. Hakumkumbatia. Alingoja mama apenge kamasi, kisha akamwambia kwa sauti ya chini, ila mimi nilikuwa nyuma yao nikasikia:

"Bado niko na hasira. Jumapili nitakuja tu. Lakini usinipimie omena."