Leta, leta!

Juma hili nilikuwa kwenye dirisha la karani wa tribinali, yaani mahakama, hapa Kasongo. Mbele yangu alisimama mama aliyekuja kwa pikipiki kutoka upande wa Kabambare, vumbi la njia likiwa bado kwenye kitambaa chake cha kichwa. Chuo kikuu cha serikali kilijenga ukuta, ukameza shamba lake la michikichi. Alikishitaki, akashinda. Sasa alitaka watu wa kwenda kuubomoa.

Karani alimtazama kwa huruma.

"Mama, ulishinda kweli. Lakini ule ukuta iko ya Leta, na kitu ya Leta haiguswi."

Leta ndiyo serikali. Jina hilo tulilitoa kwenye Kifaransa.

"Shamba yangu iliguswa," mama akasema.

Mama hakupaza sauti. Alipitisha mkono dirishani, kiganja juu, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

"Tangu nizaliwe, Leta ikifika kwetu inasema neno moja tu: leta. Leta kuku, leta muhogo, leta watu wafyeke barabara. Leo ni mimi niko nasema: Leta, leta shamba yangu!"

Foleni nzima ilicheka, karani naye akacheka. Kicheko kikaisha, na ule mkono ulikuwa bado dirishani.

Wanasheria wana maneno marefu ya kueleza kwa nini mali ya serikali haikamatwi. Mimi nimebaki na hili fupi. Tumeipa serikali jina ambalo ni amri, nayo ikadhani wanaoamriwa ni sisi tu.