Jonas Hakuwa Amelewa

Tarilee Okemaw alikuwa mtu wa maneno mengi tangu utotoni, na mtaa mzima wa kaskazini mwa Winnipeg ulimjua kwa hilo. Watu wake ni Wakrii, wenyeji wa asili wa Kanada, wa kwenye maziwa ya mbali, lakini yeye alizaliwa hapo hapo mjini. Asubuhi alisomea upishi, na wakati mwingine wote alikuwa kwenye kituo cha vijana, akiwapikia wadogo supu ya nyama na mikate ya kukaanga huku akiwatania.

Binamu yake Jonas alikuwa kijana mkimya, na ndiye aliyewafundisha wenzake pale kituoni kucheza ngoma za kwao. Pombe ilimuua baba yake, naye hakuwahi hata kuionja.

Majira hayo ya baridi Jonas alianza kukonda, na kila alipoonekana alikuwa na chupa ya maji mkononi.

"Wewe nawe! Mto wote umeganda barafu, sasa unataka kutumalizia na ya bomba?" Tarilee alimwambia.

"Kiu tu, dada. Niache."

"Kiu gani hiyo? Umelamba gunia la chumvi?"

Vijana wakaangua kicheko, na Jonas naye akacheka.

Jumamosi moja mchana, wakiwa katikati ya mazoezi, Jonas aliacha kucheza, akatoka nje kutapika. Alisema tumbo linamkata na atakwenda hospitali mwenyewe kwa basi. Tarilee alikuwa na chungu jikoni na watoto wa kulisha. Alipomaliza, akamfuata.

Alimkuta nje ya mlango wa hospitali, ameketi kwenye theluji, koti wazi, anahema kama aliyekimbizwa. Mlinzi alikuwa amesimama karibu naye.

"Ni wako huyu?" mlinzi akauliza. "Mpeleke nyumbani akalale, pombe ikimtoka ndipo arudi."

"Pombe ipi?"

Mlinzi akacheka kidogo. "Dada, tumemwona anavyoyumba. Na pumzi yake inanuka."

Tarilee alikimbilia mapokezi. Nesi alimsikiliza huku macho yake yakiwa kwenye kompyuta.

"Hanywi," Tarilee alisema. "Hajawahi kunywa maisha yake yote."

"Wote husema hivyo, mpenzi."

Tarilee aligeuka kwa kasi. Alirudi nje, akamvua Jonas glavu na kumshika mikono. Pumzi yake ilinuka kweli, harufu tamu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Akatoa simu, akapiga namba ya dharura.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Nje ya mlango wa hospitali."

"Samahani, rudia."

"Hospitali! Tuko mlangoni! Hawataki kumpokea!"

Gari la wagonjwa lilikuja. Mhudumu alimtoboa Jonas kidole, akatazama kipimo, akamwita mwenzake kwa ukali. Sukari ilikuwa imepanda hadi kipimo kikashindwa kuisoma. Wakamwingiza kwa mlango ule ule, mlinzi akiwapisha.

Daktari alisema baadaye kwamba ni kisukari, ndicho kilichotoa harufu ile, na kwamba angechelewa kidogo tu, wangekuwa wanazungumza habari ya mazishi. Wakati huo Jonas alikuwa hajitambui.

Velma, mama yake Tarilee, alipofika alisikiliza kisa chote bila kubadilika uso.

"Walidhani amelewa," akasema, akivua kofia.

"Mama! Ndiyo hayo tu unayosema?"

"Niseme nini, mwanangu? Mimi walinikalisha kwenye kiti nina uchungu wa kukuzaa wewe, wakanipa kikombe cha kahawa nizindukane."

Tarilee alimtazama mama yake kama mtu asiyemjua. "Hukuwahi kuniambia."

"Nilitaka ukue bila kuogopa."

Jambo hilo lilimtikisa kuliko kicheko cha mlinzi. Alikwenda chooni akalia.

Jonas alipona. Wakubwa wa hospitali walikuja kituoni kuomba radhi, wakasimama wakiwa wamekunja mikono, na Velma akawamiminia chai. Kiangazi kilipofika Jonas alirudi kucheza, akijidunga sindano yake tumboni kabla ya kula huku watoto wakigombania kuona.

Tarilee naye aliweka sharti kwamba hakuna mtoto wa kituo atakayekwenda hospitali peke yake. Wenzake walipokezana kusindikiza. Zamu yake ya kwanza alimpeleka binti mmoja aliyeteguka mkono, akiwa amejiandaa kwa vita, maneno yote yako ulimini. Nesi wa siku hiyo aliinuka, akawasalimu, akamletea binti mto wa kuegemeza mkono na kumuuliza jina lake.

Tarilee, maneno yake ya vita yakiwa hayana kazi tena, akaketi, machozi yakamtoka.

"Dada Tari, vipi? Unaumwa?" binti akauliza.

"Siumwi," akasema, akifuta macho kwa mkono wa koti. "Hebu ninyamazie kidogo."