Leonardi: Nilidhani kibali cha kuwinda huazimwa kama kadi ya mgao

Saa moja asubuhi inakaribia, na giza bado halijaondoka kwenye shamba la mahindi lililovunwa, magharibi mwa Hilliard, nje kidogo ya jiji la Columbus. Leonardi amepiga goti nyuma ya mti ulioanguka. Juu ya koti amevaa fulana ya rangi ya chungwa, kama sheria inavyotaka. Bunduki iko mapajani. Kidole chake kiko mbali na kifyatulio.

Mbele yake, karibu kabisa, swala jike anatafuna mabaki ya mahindi.

"Piga," ananong'ona Mirindi, jirani yake. "Leonardi, piga! Unangojea nini?"

"Muda bado."

"Muda gani tena? Nyama iko mbele yako."

Leonardi anafunua simu kidogo ndani ya koti, anaitazama, anaifunika. Jimbo la Ohio linaruhusu kupiga swala kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Zimebaki dakika saba.

Swala ananyanyua kichwa. Anatazama upande wao, anasogea kidogo, anasimama. Kisha anaruka ua wa waya na kupotelea msituni.

Mirindi anajitupa kwenye majani yaliyoganda kwa baridi. "Bon, haya," anasema. "Sasa uende kwa polisi, umuombe akurudishie swala yako."

Leonardi hacheki. Anapangusa jasho kwenye paji la uso, asubuhi ambayo maji ya chupa yake yameshika barafu.

"Nikikosea tena, mimi nitalipa faini tu," anasema. "Atakayeumia ni mama."

Leonardi ana umri wa miaka 39. Hupakia maboksi katika ghala moja la nguo kwa dola kumi na mbili kwa saa, na anaishi Whitehall, mashariki mwa Columbus, pamoja na mkewe Kostansia na watoto wao wanne. Kwa familia kama yake, swala mmoja ni nyama ya kufika karibu na Pasaka, hata baada ya majirani kupata chao.

Ni Mrundi aliyekulia katika kambi za wakimbizi mkoani Kigoma, Tanzania. Mwaka 2009 aliletwa Louisville, Kentucky, akapata kazi katika kiwanda cha kuku. Mzee mmoja Mmarekani wa zamu yake ndiye aliyemfundisha kuwinda.

"Yule mzee alijua tarehe zote, vibali vyote, na shamba lipi tumeruhusiwa," anasema Leonardi. "Mimi nilifuata nyuma nikabeba nyama. Sikumuuliza kitu."

Miaka mitatu baadaye alivuka Mto Ohio na kuhamia Columbus, kwenye ghala lenye mshahara mzuri zaidi. Huko aligundua kwamba kila jimbo lina kalenda yake. Kentucky, wenye bunduki huingia porini katikati ya Novemba. Ohio, wiki yao kubwa huja baada ya sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Hata bunduki ya masafa marefu aliyoizoea Louisville haikuruhusiwa kwa swala wa Ohio, akalazimika kuiuza.

"Nilijua nimehama mji," anasema. "Sikujua nimehama sheria."

Hayo aliyajua mapema. Jambo moja hakulijua, na ndilo lililomfikisha mahakamani.

Ilikuwa Desemba 2013. Leonardi alikuwa ameshapiga swala wake na kutumia kibali chake. Mirindi, Mkongo wa Uvira ambaye mlango wake unatazamana na wa Leonardi, alikuwa bado hajapata kitu, na siku hiyo aliitwa kazini ghafla. Kabla ya kuondoka akamwachia Leonardi kibali chake.

Leonardi hakukipokea kwa pupa. Alimpigia kwanza binamu yake, Jean Bosco, ambaye anawinda huko Buffalo, jimbo la New York.

"Nilimwambia ukweli," anasema Jean Bosco kwa simu. "Huku kwetu kuna vibali vya majike ambavyo mtu anaweza kumpa mwenzake. Unasaini nyuma, basi. Sasa mimi ningejuaje kwamba Ohio wana roho ngumu?"

Lakini Leonardi anakiri kwamba hata Jean Bosco asingepokea simu, bado angefanya vilevile. Kambini, siku ya mgao wa chakula, aliyeumwa au aliyezaa alimpa jirani kadi yake. Jirani alipanga foleni, akabeba unga na maharage ya nyumba mbili. Mtu aliyekataa kubeba kadi ya mwenzake alisemwa mpaka anakufa.

Basi akapiga swala wa pili, akaandika jina la Mirindi kwenye lebo, akaifunga kwenye mguu wa mnyama. Barabarani akasimamishwa na askari wa wanyamapori.

"Akaniuliza, 'Huyu Mirindi ni wewe?' Nikamwambia hapana, ni jirani yangu, yuko kazini. Nilijibu huku natabasamu," anasimulia Leonardi. "Nilingoja aniambie mimi ni jirani mwema."

Askari alichukua nyama na kumwandikia karatasi ya kwenda mahakama ya kaunti.

Kostansia anaikumbuka jioni ile. "Aliingia, akakaa bila kuvua viatu. Nikauliza nyama iko wapi, akanipa karatasi yenye muhuri wa mahakama. Nikajua ameua mtu. Nikaanza kulia kabla sijaambiwa kitu."

Leonardi alitozwa faini, na leseni yake ikafungiwa msimu mzima wa 2014. Mirindi naye alitozwa kwa kutoa kibali chake.

Hayo yangeishia hapo, kama si suala la mama yake. Angelika, mwenye miaka 71, yuko kambi ya Nyarugusu. Familia ilipopata safari alibaki kumuuguza mumewe, ambaye baadaye alifariki. Mkazi mwenye kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu, hawezi kumwombea mzazi aje Marekani. Mpaka awe raia. Leonardi ameshapeleka ombi la uraia, na mahojiano yake ni Februari 2016.

Wakili anayejitolea kanisani kwao alimwambia aeleze kesi ile yote, asifiche neno. Kosa moja linaweza kuelezeka, alimwambia. La pili litakuwa na maswali magumu.

"Kwa nini basi usiache kuwinda?" Kostansia alimuuliza. Leonardi alimjibu kwamba watoto wanakula, na kwamba mtu haachi barabara kwa sababu alishawahi kukamatwa. Anajifunza alama zake.

Saa mbili na nusu, pale shambani, Mirindi anapaswa kwenda zamu. Anasimama, anakung'uta magoti, kisha anatoa kibali chake mfukoni.

"Shika."

Leonardi anakitazama kama mtu aliyeonyeshwa nyoka.

"Donc, kwa hiyo unaogopa? Askari iko wapi? Mimi sioni hata moja."

"Hata mwaka ule sikumwona, mpaka aliposimama mbele yangu."

Anachukua kile kibali, anakirudisha katika mfuko wa Mirindi, anaufunga zipu mpaka juu. Mirindi anaondoka akigunaguna.

Nusu saa haijapita, swala watatu wanatoka msituni. Leonardi anapiga mara moja. Mmoja anaanguka. Wawili hawakimbii mbali. Wanasimama uwanjani, wanageuka, wanamtazama.

Leonardi anaanza kutoa risasi zilizobaki kwenye bunduki. Moja inaanguka kwenye majani. Anaiacha. Anaandika jina lake mwenyewe kwenye lebo.

Kwenye geti la shamba gari la askari limesimama. Ni yuleyule wa mwaka 2013.

Askari anaomba leseni, kibali, na barua ya mwenye shamba. Anasoma kila kimoja taratibu. Anainama, anasoma lebo. Leonardi amesimama, mikono pembeni.

"Na jirani yako?" askari anauliza bila kuinua macho.

"Yuko kazini."

"Kibali chake?"

"Anacho yeye, huko kazini."

Askari anamrudishia karatasi zake. Kisha anashika miguu ya nyuma ya swala, Leonardi ya mbele, wanamwinua pamoja hadi garini.

Leonardi anamsajili mnyama kwa simu, kama inavyotakiwa, na ndipo anapiga Nyarugusu, ambako sasa ni jioni. Sauti ya Angelika inatoka kubwa.

"Leo ilikuwa mgao, mwanangu. Mgongo umekwisha. Nimebeba kadi yangu na ya jirani Nyiramahirwe, mguu wake umevimba. Na wewe, umepata nyama?"

"Nimepata, mama."

"Na jirani yako umembebea?"

Leonardi anamtazama swala nyuma ya gari. "Leo sikumbebea mtu, mama. Nitamkatia ya kwangu."

"Haya," anasema Angelika. "Umeshakuwa Mmarekani."

"Bado, mama," anajibu Leonardi. "Mpaka Februari."